Mwongozo wa Fundi: Kurekebisha Kiungo Kilicholegea kati ya Kichwa na Tenda katika Treni za Mfano

1. Walengwa na mipaka ya mwongozo

Mwongozo huu ni wa fundi wa benchi: anayetengeneza vifaa vidogo vya umeme kwa malipo, msaidizi katika duka la treni za mfano, au mtumishi wa makumbusho anayesimamia meza ya maonyesho yenye treni inayotembea. Kazi hii ipo kwa wingi Uingereza, Ulaya bara na Amerika ya Kaskazini, ambako treni za mfano za miaka mingi iliyopita bado zinatumika na wenyewe hawataki kuzitupa.

Mifano mingi hapa inatokana na treni za Kiingereza za daraja la 00. Ukubwa wake ni 1:76, upana wa njia ni milimita 16.5, na mota zake hupata umeme wa mkondo mnyoofu wa volti 12 kupitia reli mbili. Treni za HO, zenye ukubwa wa 1:87, hutumia upana huohuo wa njia, na sehemu kubwa ya maelekezo haya inazihusu pia.

Tenda ni behewa fupi linalofuata nyuma ya kichwa cha treni ya mvuke, likibeba makaa na maji. Si kila kichwa cha mvuke kina tenda. Vichwa vya Garratt vya daraja la 59 vya Reli za Afrika Mashariki, vilivyojengwa Manchester na kampuni ya Beyer, Peacock mwaka 1955 na 1956, vilibeba maji na mafuta kwenye fremu zake vyenyewe. Fundi akiletewa mfano wa Garratt, asitafute tenda. Atumie kanuni za umeme zilizo hapa kwenye viungo vya sehemu zake tatu.

2. Kanuni kuu

Katika treni halisi, upau unaounganisha kichwa na tenda una jukumu la kuvuta. Katika treni ya mfano, mara nyingi upau huohuo mdogo umebebeshwa majukumu mawili: kuvuta na kupitisha umeme. Hapo ndipo chanzo cha matatizo mengi kilipo. Ili upau uvute vizuri kwenye kona, lazima uwe na nafasi ya kucheza kwenye pini yake. Ili upitishe umeme vizuri, lazima ubane. Mambo hayo mawili hayaendi pamoja.

Kwa hiyo kazi ya fundi si kukaza tu. Kwanza atambue ni jukumu lipi lililoshindwa, kisha, inapowezekana, ayatenganishe: upau uachiwe kuvuta, na waya upewe kazi ya kupitisha umeme.

3. Mipangilio mitatu utakayokutana nayo

Mpangilio wa kwanza: mota iko ndani ya tenda. Hornby ilitengeneza vichwa vingi vya namna hii kuanzia miaka ya 1970 hadi miaka ya 1990. Tenda ndiyo inayosukuma. Magurudumu ya kichwa huchukua umeme wa reli moja, magurudumu ya tenda huchukua wa reli ya pili, na upau wa chuma huunganisha pande hizo mbili ili mota ipate mzunguko kamili. Upau ukipoteza mgusano, hakuna njia nyingine ya umeme. Kumbuka pia kwamba magurudumu ya tenda yaliyovalishwa pete za mpira hayachukui umeme, hivyo sehemu za kuchukulia umeme ni chache tangu mwanzo.

Mpangilio wa pili: mota iko ndani ya kichwa, lakini kichwa huchukua umeme wa reli moja tu na tenda huchukua wa reli ya pili. Hivi ndivyo vilivyo vichwa vingi vya HO vya shaba njano, vilivyotengenezwa kwa mikono Japani na Korea kwa ajili ya soko la Marekani. Hapa mwili wa kichwa na mwili wa tenda hubeba umeme wa pande mbili tofauti. Vikigusana, shoti inatokea. Upau nao lazima uwe umetengwa na mojawapo ya fremu hizo kwa washa na bomba dogo la plastiki au faiba.

Mpangilio wa tatu: mota iko ndani ya kichwa, na kichwa pamoja na tenda huchukua umeme wa reli zote mbili. Nyaya hupita kati yake kwa plagi na soketi ndogo, mara nyingi yenye pini nne. Upau huvuta tu. Ndio mpangilio wa treni nyingi zilizotoka katika karne hii. Udhaifu wake uko kwenye nyaya nyembamba na pini za plagi.

Usianze kufungua kabla hujajua mpangilio ulio mbele yako.

4. Maandalizi ya benchi

Tandika sponji laini yenye bonde la kulazia treni kichwa chini, ili vyuma vidogo vya pembeni na mabomba ya moshi visivunjike. Piga picha kiungo kutoka chini na ubavuni kabla ya kugusa skrubu yoyote. Weka kisahani chenye sumaku kwa ajili ya skrubu, washa na springi. Springi ya pini ikiruka sakafuni, kuipata ni kazi kubwa kuliko matengenezo yenyewe.

Vifaa vinavyohitajika ni hivi: bisibisi ndogo za bapa na za nyota, koleo la ncha nyembamba, kibano, multimita yenye mlio wa kupima mwendelezo, nyaya mbili zenye vibanio vya mamba, spiriti ya isopropili, vijiti vya pamba, raba ya penseli, pasi ya kulehemu yenye ncha nyembamba, solda yenye utomvu ndani, waya laini wa nyuzi nyingi wenye unene wa nje usiozidi milimita 1, na mrija wa plastiki unaonywea kwa joto.

Solda ya zamani ina risasi. Fungua dirisha unapolehemu, usile wala kunywa kwenye benchi, na nawa mikono ukimaliza.

5. Kutafuta kosa

Safisha kwanza reli na magurudumu. Magurudumu machafu huleta dalili zinazofanana kabisa na za kiungo kilicholegea, na fundi asiyesafisha anaweza kubomoa kiungo kizima bure. Baada ya hapo, soma dalili:

Treni inakwenda vizuri mbele lakini inakatakata nyuma. Ikivuta, upau hukaza dhidi ya pini na mgusano unakuwa mzuri. Ikirudi nyuma, upau hulegea. Hii ni dalili ya wazi ya upau unaopitisha umeme.

Treni inasimama kwenye kona na kuondoka ukiigusa. Shuku waya uliokatika ndani ya ganda lake, plagi isiyoingia hadi mwisho, au, kwenye vichwa vya shaba njano, miili inayogusana.

Taa zinapepesa au sauti inaanza upya kila mara. Umeme unakatika kwa muda mfupi mno. Mara nyingi ni tundu la plagi lililopanuka.

Tenda inaacha njia, hasa kwenye makutano ya reli. Hapo kosa si la umeme. Upau umepinda, au tenda inanyanyuliwa upande wa mbele.

Kisha fanya vipimo vitatu kwa mpangilio huu.

Kipimo cha kwanza ni cha mkono. Shika kichwa, sogeza tenda mbele na nyuma, kushoto na kulia. Mchezo mdogo unatakiwa. Mchezo unaoifanya tenda iyumbe juu na chini kwenye pini, au skrubu inayozunguka kwa kidole, ni kosa.

Kipimo cha pili ni cha multimita, treni ikiwa nje ya reli. Weka ncha moja kwenye gurudumu linalochukua umeme na nyingine upande wa pili wa kiungo, kisha tikisa upau au waya polepole. Mlio ukikatika, umepata mahali. Usomaji wa namba nao unasaidia: kiungo kizuri kinakaribia sifuri, na namba inayorukaruka unapotikisa ni kosa hata kama mlio hausiti.

Kipimo cha tatu ndicho cha kuamua. Kwa treni isiyo na dekoda (kifaa cha kielektroniki kinachodhibiti mota, tazama sehemu ya 9), tumia waya wenye vibanio vya mamba kuunganisha sehemu mbili ambazo upau au waya wa kiungo huziunganisha, kisha endesha; katika mpangilio wa pili usiunganishe fremu ya kichwa na fremu ya tenda, kwani ni shoti. Treni ikitulia, kosa liko kwenye kiungo. Ikiendelea kusita, kiungo hakina hatia. Tafuta kwenye mota, brashi zake au vikusanyio vya umeme.

6. Matengenezo ya upau na pini

Fungua upau. Safisha tundu lake na pini kwa spiriti, kisha sugua kwa raba ya penseli mpaka chuma king'ae. Epuka msasa mkali. Unakwangua koti la nikeli, na chuma kilichobaki uchi huota kutu upesi. Usipake mafuta sehemu inayopitisha umeme. Mafuta hukusanya vumbi, na vumbi hilo ndilo linalozuia mgusano.

Laza upau juu ya kipande cha kioo uone kama umenyooka. Ukiurudisha, weka treni kwenye reli iliyo sawa na angalia kimo chake. Magurudumu yote ya tenda lazima yaguse reli. Upau ulioinama chini utakwaruza makutano ya reli. Ulioinuka utainyanyua tenda na kuifanya ipoteze njia na umeme kwa pamoja. Nyoosha kwa koleo mbili, kidogo kidogo, nje ya treni. Ukiupinda ukiwa umefungwa, nguvu yote inaishia kwenye pini, na pini ya plastiki huvunjika.

Tundu likiwa limelika na kuwa na umbo la yai, valisha pini bomba dogo la shaba njano linaloingia bila kulazimishwa. Washa nyembamba huondoa mchezo wa juu na chini. Usiondoe mchezo wote: tenda inahitaji kugeuka kwenye kona na kupanda na kushuka pale reli zinapoungana.

Skrubu inayolegea mara kwa mara huwashawishi mafundi kuipaka gundi ya nyuzi. Kama skrubu hiyo inapitisha umeme, gundi inaweza kuukata. Tumia washa ya springi badala yake.

Kwa treni ya mkusanyaji anayetaka kila kitu kibaki kama kilivyotoka kiwandani, ongeza springi ndogo ya waya wa shaba nyeusi yenye fosforasi, unene wa kama milimita 0.3, inayokandamiza ubavu wa pini wakati wote. Inaondolewa bila kuacha alama.

7. Matengenezo ya plagi na nyaya

Plagi haivutwi kwa nyaya zake. Ishike mwili wake kwa kibano cha plastiki na uitoe ikiwa imenyooka. Plagi nyingi zilizoharibika zimeharibiwa kwa kutolewa vibaya, si kwa kutumika.

Kagua pini kwa lenzi. Iliyopinda inyooshwe kwa kibano kwa mwendo mmoja. Kuipinda huku na huku kunaikata. Kama matundu ya plagi yamepanuka, yabane kidogo kutoka pembeni kwa ncha ya sindano. Rudisha plagi na uhakikishe imeingia hadi mwisho kwa upande uleule uliouona kwenye picha yako.

Waya hukatika zaidi pale unapoingia kwenye plagi, kwa sababu hapo ndipo unapopindwa kila treni inapopita kona. Vuta kila waya kwa upole. Ukivutika kama mpira, nyuzi za shaba ndani yake zimekatika na limebaki ganda tu.

Usijaribu kulehemu ndani ya plagi ya kiwandani. Plastiki yake huyeyuka na pini huhama mahali pake. Ni heri kubadilisha plagi na soketi kwa pamoja, au kulehemu nyaya mpya kwenye bodi iliyo ndani ya tenda. Unapoweka plagi mpya, upande wenye matundu uwe ule unaobaki na umeme treni ikitenganishwa juu ya reli. Pini zilizo wazi zenye umeme zikigusa chuma huleta shoti.

8. Kuongeza waya pale upau unapobeba umeme

Haya ndiyo matengenezo ya kudumu kwa mpangilio wa kwanza na wa pili. Omba idhini ya mteja kwanza, hasa kwa treni ya zamani, kwa sababu mkusanyaji anaweza kuona kwamba waya mpya unapunguza thamani yake.

Katika mpangilio wa kwanza, waya utoke kwenye fremu au kikusanyio cha kichwa hadi pale upau unapofikisha umeme ndani ya tenda; katika mpangilio wa pili, utoke kwenye fremu ya tenda hadi pale upau unapofikisha umeme wa mota ndani ya kichwa, bila kugusa fremu ya kichwa. Fremu nyingi ni za aloi ya zinki, ambayo haikubali solda ya kawaida. Usipoteze muda kuichoma. Lehemu waya kwenye kikuku cha shaba, kisha kikaze chini ya skrubu iliyopo, mahali ulipokwangua rangi hadi chuma kikaonekana.

Urefu wa waya upimwe kwenye kona kali zaidi ambayo mteja anatumia. Kwa reli za Hornby, kona ya pili ina nusu kipenyo cha milimita 438, na vichwa vingi vikubwa vinahitaji angalau hiyo. Weka treni hapo kwa kugeukia kulia, kisha kushoto, na uache waya uwe na kitanzi kidogo katika hali zote mbili. Kitanzi kisiguse reli wala magurudumu, na kisiwe kigumu kiasi cha kuisukuma tenda pembeni.

Solda iyeyuke kwenye waya na kikuku, si kwenye ncha ya pasi. Joto la nyuzi 320 hadi 350 za Selsiasi linatosha kwa solda yenye risasi. Gusa kwa sekunde chache, kisha acha ipoe bila kutikisika. Kiungo kizuri hung'aa na kushika pande zote. Kilichofanya donge la kijivu kirudiwe.

9. Tahadhari za mfumo wa DCC

Katika mfumo wa DCC, yaani udhibiti wa treni kwa njia ya kidijitali, reli zina umeme wakati wote na dekoda ndiyo inayoamua mota ipate kiasi gani. Dekoda ikiwa ndani ya tenda na mota ndani ya kichwa, nyaya za pande zote mbili zinapita kwenye kiungo kimoja. Rangi zake zimewekewa kanuni: nyekundu na nyeusi hutoka kwenye reli, ya machungwa na ya kijivu huenda kwenye mota, bluu ni chanya ya pamoja ya taa, nyeupe ni taa ya mbele na njano ni ya nyuma.

Waya wa machungwa au wa kijivu ukigusa umeme wa reli, dekoda inaweza kuungua mara moja. Kwa sababu hiyo:

Usichomeke wala kuchomoa plagi treni ikiwa kwenye reli zenye umeme.

Toa dekoda kabla ya kupima kwa multimita. Kisha hakikisha hakuna mlio kati ya ncha yoyote ya mota na gurudumu lolote.

Visha kila kiungo cha solda mrija wa kunywea. Utepe wa gundi hautoshi.

Jaribu kwanza kwenye reli ya kuprogramia, ambako umeme umepunguzwa. Treni ikijibu namba yake, ndipo ihamie njia kuu.

10. Majaribio kabla ya kukabidhi

Endesha treni mbele na nyuma kwa mwendo mdogo kabisa inaoweza kuumudu bila kusimama. Mwendo mkubwa huficha kosa, kwa sababu treni huvuka sehemu mbovu kwa kasi yake yenyewe. Ipitishe kwenye kona ya kulia na ya kushoto, na kwenye makutano ya reli kwa pande zote. Rudia ikiwa inavuta mabehewa, kisha ikiwa inayasukuma, kwa kuwa mzigo hubadilisha mkao wa upau.

Kama upau una matundu mawili, mjulishe mteja matumizi yake: tundu la kukaribisha linapendeza kwa macho na linafaa kona pana, la kuachanisha ni la kona kali. Malalamiko mengi ya tenda kuacha njia huisha kwa kuhamisha upau kwenye tundu la pili.

Mkabidhi mteja pia vipande vya asili ulivyovitoa, picha ulizopiga kabla ya kazi, na maelezo mafupi ya kilichobadilishwa. Mwelekeze kuinua kichwa na tenda kwa mikono miwili kwa pamoja. Treni inayoinuliwa kwa kichwa tu huning'iniza uzito wote wa tenda kwenye upau na nyaya zake, na kazi yako itarudi benchi mapema.

Usipokee malipo ya mwisho kabla treni haijapita kona kali zaidi ya mteja ikirudi nyuma polepole bila kusita. Huo ndio mtihani wa kiungo. Yote mengine ni maandalizi yake.